Kusaidia Ustawi wa Kijamii na Kihisia katika Jamii za Waaborijini: Mwongozo Kamili kwa Mfanyakazi Mgeni

Wauguzi, walezi wa wazee, maofisa ustawi wa jamii na wafanyakazi wa vijana wanaozungumza Kiswahili, wakitokea Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo, huajiriwa Alice Springs, Darwin na katika makazi ya mbali ya Northern Territory nchini Australia. Wanaopewa jukumu la kusaidia ustawi wa kijamii na kihisia wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, hukwama mara nyingi mahali pamoja. Mkutano huandaliwa vizuri, fomu zikachapwa, chai ikapikwa. Watu wachache wakaja siku ya kwanza kwa adabu, wakaitikia "ndiyo" kwa kila swali, na wiki iliyofuata hakurudi hata mmoja. Mfanyakazi huhitimisha kwamba watu hawa hawataki kusaidiwa.

Hitimisho hilo si la haki. Shughuli huanguka kwa sababu mgeni ameanza na tatizo la mtu mmoja mmoja, kabla hajajua ni nani mwenye mamlaka mahali pale, nani ni ndugu wa nani, na ni kazi gani ambayo wenyeji walikwisha kuianza wenyewe. Mwongozo huu unageuza mpangilio: wenyeji kwanza, mahali na wakati baadaye, na maswali kuhusu moyo wa mtu mwisho kabisa.

Mifano mingi hapa ni ya Australia ya kati, kwa Waarrernte, Wawarlpiri na Wapitjantjatjara. Kabla ya ukoloni bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, kwa hiyo utaratibu wa Yuendumu, makazi ya Wawarlpiri, hauwi lazima utaratibu wa Arnhem Land wala wa Kimberley zilizo mbali kaskazini. Kila agizo utakalolisoma hapa linapaswa kupitishwa kwanza kwa mwenyeji wa mahali unapofanyia kazi.

## Ustawi unaozungumziwa

Mkakati wa taifa wa afya ya Waaborijini wa mwaka 1989 ulieleza kwamba afya si uzima wa mwili wa mtu mmoja tu, bali ni ustawi wa kijamii, kihisia na kiutamaduni wa jamii nzima. Mfano unaotumiwa sana leo, uliochapishwa mwaka 2014, unamweka mtu katikati ya nyanja saba: mwili, akili na hisia, familia na ukoo, jamii, utamaduni, nchi ya mababu (yaani ardhi ambayo ukoo wa mtu umefungamana nayo), na roho pamoja na wahenga.

Maana yake kikazi ni hii: mama asiyepata usingizi huenda haugui sonona. Huenda amekaa mjini miezi kadhaa kwa ajili ya matibabu, nchi yake ya asili iko mbali, na hakuna anayekwenda kuitembelea. Ukimpa dawa ya usingizi peke yake, umegusa nyanja moja na kuziacha sita.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kibali cha kuingia katika ardhi ya Waaborijini. Katika eneo la kati hutolewa na Central Land Council, baraza la ardhi la Waaborijini, chini ya sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976. Mkataba wa ajira si kibali.
- Kadi ya kuruhusiwa kufanya kazi na watoto, ambayo Northern Territory huitwa Ochre Card.
- Bajeti ya kuwalipa wazee na washauri wa utamaduni kwa muda wao. Kama mwajiri hajaiweka, idai kabla hujaanza. Maarifa ya wazee ni utaalamu, na utaalamu hulipwa.
- Gari la kuhimili njia za mchanga, simu ya setilaiti, na maji ya kunywa yanayozidi mahitaji ya safari. Katika makazi mengi pombe imepigwa marufuku, basi lisiwemo hata kopo moja garini.
- Mahitaji ya mapishi: kuni, unga, chai, sukari, karatasi ya foili na mikia ya kangaruu, ambayo huuzwa ikiwa imegandishwa katika maduka ya huko.
- Namba za dharura zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa mtandao wa simu hukatika: zahanati ya mahali pale, 000 kwa dharura yoyote, na laini mbili za msaada kwa mtu mwenye dhiki ya moyo: 13YARN kwa namba 13 92 76, na Lifeline kwa namba 13 11 14. Laini ya 13YARN ilianza mwaka 2022, hufanya kazi usiku na mchana, na wanaopokea simu ni Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, wenyeji wengine wa asili walio kaskazini mwa Australia.
- Muda. Mwajiri anayetaka takwimu za mahudhurio katika mwezi wa kwanza aelezwe mapema kwamba mwezi huo utakwisha bila takwimu.

## Hatua ya 1: Jua kazi ni ya nani

Usianzishe kitu. Tafuta kwanza shirika la afya linaloongozwa na Waaborijini wenyewe. Alice Springs, kwa mfano, kuna Central Australian Aboriginal Congress, lililoundwa mwaka 1973. Uliza ni nani anayesikilizwa katika mambo ya familia, nani katika mambo ya vijana, na ni jambo gani lililokwisha kufanywa likafaa.

Sababu ya hatua hii inaonekana Yuendumu, takriban kilomita 300 kaskazini-magharibi ya Alice Springs. Mwaka 1994, vijana wengi walipokuwa wakinusa petroli, wazee wa Kiwarlpiri walianza kuwachukua na kuwapeleka Mount Theo, mahali pa mbali penye heshima ya mababu, ambako wakaishi nao, wakawinda nao na kuwafundisha. Hawakungoja mtaalamu wa kuwaletea wazo. Jitihada hiyo ikakua hadi kuwa shirika la vijana la Wawarlpiri. Mgeni anayefika mahali kama hapo na mpango wake mkononi anawaambia wazee, bila ya kutamka, kwamba hakuona walichofanya.

Tahadhari: Mtu anayekupokea kwa bashasha na kukueleza kila kitu siku ya kwanza huenda si msemaji wa mahali pale. Msikilize kwa heshima, kisha sikiliza na familia nyingine.

Utajua umefanikiwa pale mwenyeji mwenye mamlaka atakapokwambia ni jambo gani lianze, na ni jambo gani usiliguse.

## Hatua ya 2: Pata mwenza wa kazi

Usifanye kazi hii peke yako. Unahitaji mwenza mwenyeji, na ikiwezekana wawili, mwanamke na mwanamume. Yapo mambo ya wanawake ambayo mwanamume hayasikii, na yapo ya wanaume ambayo mwanamke hayagusi, hata awe na shahada gani. Wapo pia ndugu wasiopaswa kukaa karibu wala kusemezana, kama mkwe wa kiume na mama mkwe wake. Wasomaji wanaotoka katika makabila yenye miiko ya wakwe watalielewa hili upesi. Ukiwaweka wawili hao katika duara moja, mmoja ataondoka bila ya kukueleza sababu, nawe utaandika kwamba hakuonyesha ushirikiano.

Mwenza bora mara nyingi ni mhudumu wa afya wa Kiaborijini aliyesajiliwa, taaluma iliyoingizwa katika mfumo wa usajili wa kitaifa mwaka 2012. Yeye si mkalimani wako wala dereva wako. Alipwe kwa ngazi inayostahili, na neno lake kuhusu utamaduni liwe ndilo la mwisho.

Panga naye mapema namna ya kujibu maombi ya fedha, chakula na usafiri, kwa maana yatakuja kila siku. Kugawana ni wajibu mzito katika jamii hizi, na mwenza wako anajua ni ombi lipi ni la haki na lipi litakuingiza katika ugomvi wa familia.

Utajua umefanikiwa mwenza wako atakapokusahihisha waziwazi. Mwenza anayekubali kila usemalo bado hajakuamini.

## Hatua ya 3: Jitambulishe kwa watu wako na kwa mahali unapotoka

Cheo chako hakimwambii mtu chochote. Eleza umezaliwa wapi, pana mto gani au mlima gani, wazazi wako ni watu wa kabila gani, una watoto au huna, na ni nani aliyekualika pale. Picha ya nyumbani kwenu, ya bibi yako ameketi mlangoni, itafanya kazi kuliko kitambulisho kinachoning'inia shingoni.

Baada ya muda unaweza kupewa jina la kundi la ukoo. Kwa Wawarlpiri makundi hayo ni manane, na kila moja lina umbo la kiume na la kike, kwa mfano Jakamarra kwa mwanamume na Nakamarra kwa mwanamke. Jina hilo hukuweka mahali: tangu hapo fulani ni dada yako, fulani ni mama yako, na yuko mtu ambaye hutakiwi kumkaribia. Lipokee pamoja na wajibu wake, na usilichukue kama zawadi ya kupigia picha.

Tahadhari: Wafanyakazi wengi kutoka Afrika hupenda kusema, "Hata sisi tulitawaliwa, tunaelewana." Naomba sentensi hiyo iachwe kabisa katika miezi ya mwanzo. Tanganyika na Kenya zilipata uhuru na watu wake wakabaki kuwa wengi katika nchi yao. Waaborijini pamoja na watu wa visiwa vya Torres Strait walikuwa takriban watu 984,000 mwaka 2021, chini ya asilimia 4 ya wakazi wote, na walowezi hawakuondoka. Tena sisi tuliohamia Australia tunaishi katika ardhi hiyo hiyo iliyochukuliwa. Undugu wa historia upo, lakini wenyeji ndio wenye haki ya kuutaja kwanza.

## Hatua ya 4: Chagua mahali na wakati

Ofisi si mahali. Kwa watu wengi, chumba chenye meza, kiti na mtu mwenye kalamu ni chumba cha polisi, cha mahakama au cha wale waliokuja kuchukua watoto. Serikali iliwatenganisha watoto na wazazi wao kwa miongo mingi, na waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni mnamo Februari 13, 2008. Lakini waliochukuliwa bado wako hai, na wajukuu wao ndio hao unaowaita kwenye mkutano.

Nendeni nje. Mwenza wako ataonyesha ni kijito gani kikavu kinafaa na nani aombwe ruhusa. Kuokota kuni pamoja ni sehemu ya kazi, kwa sababu mtu huzungumza kwa urahisi zaidi mikono yake ikiwa na shughuli na macho yake yakitazama kwingine. Mkia wa kangaruu huunguzwa manyoya juu ya moto, hukwanguliwa kwa kisu mpaka ngozi iwe safi, hufungwa katika foili na kufukiwa chini ya majivu ya moto na makaa. Huchukua muda mrefu kuiva, na muda huo ndio mkutano wenyewe. Usiufupishe kwa kuleta chakula kilichopikwa.

Kuhusu wakati, angalieni mambo matatu. Kukiwa na msiba, hakuna shughuli nyingine. Katika miezi ya kiangazi cha huko, hasa kuanzia Desemba hadi Februari, sehemu nyingi za Australia ya kati huwa na jando. Baadhi ya njia hufungwa, na mgeni asipite hata kwa dharura ya kiofisi bila kuongozwa na mwenyeji. Na kukiwa na mashindano makubwa ya mpira, kila mtu atakuwa huko; hata wewe nenda huko.

Utajua umefanikiwa watu watakapoanza kuja na watoto na mbwa wao, wakakaa hata baada ya chakula kwisha.

## Hatua ya 5: Endesha maongezi bila kuhoji

Hapa ndipo wengi huharibu, na sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunaharibu kwa namna yetu. Kwetu adabu ni kuuliza: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, mzee hajambo? Mnyororo huo, ukielekezwa kwa mzee wa Kiarrernte ambaye hamjazoeana, humfunga mdomo, kwa sababu kuuliza moja kwa moja ni kudai habari ambayo hujaistahili bado.

Badala ya kuuliza, toa kitu chako na uache nafasi. Usiseme, "Je, unalala vizuri?" Sema, "Upepo wa jana usiku ulinifanya nikeshe nikimfikiria mama yangu aliyeko mbali," kisha nyamaza. Jibu linaweza kuja baada ya dakika kadhaa au kesho yake. Ukimya huo haukuvunjii heshima. Mtu anafikiri, au anapima kama wewe ni wa kuambiwa. Miriam-Rose Ungunmerr-Baumann, mzee na mwalimu wa Nauiyu kwenye Mto Daly, ameifundisha Australia usikivu huu wa kina, ambao kwa lugha yake huitwa dadirri. Mfanyakazi anayejaza kila pengo kwa maneno ya kutia moyo hatausikia ukweli hata mara moja.

Epuka maswali ya ndiyo au hapana. Ukisema, "Tukutane Jumanne?" utajibiwa ndiyo, na Jumanne utakuwa peke yako. Ile ndiyo ilikuwa adabu ya kukuridhisha na kuyamaliza mazungumzo. Sema, "Naona siku nyingine watu wako hapa na siku nyingine hawapo," halafu ngoja uelezwe.

Kaeni ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso. Kutokukutazama machoni ni heshima, kama ambavyo kijana wa kwetu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Usimsifu wala kumkosoa mtu mmoja mbele ya wenzake, maana haya itakayompata itamwondoa kwa muda mrefu. Kwa watoto, kabla hujaandika kwamba mtoto amejitenga au ni mkaidi, hakikisha amepimwa masikio. Maradhi ya sikio la kati yameenea mno kwa watoto wa makazi ya mbali, na mtoto asiyesikia vizuri anafanana sana na mtoto asiyetaka kusikia.

Kwa watu wengi Kiingereza si lugha ya kwanza. Huwa ni ya pili, ya tatu au ya nne. Serikali ya Northern Territory ina huduma ya wakalimani wa lugha za Kiaborijini. Unapomwomba mkalimani, taja jinsia na umuulize mwenza wako kama watu hao wawili wanaruhusiwa kusemezana.

Tahadhari: Usilitaje jina la marehemu. Katika Australia ya kati hutumika jina la badala, Kumanjayi kwa Wawarlpiri na Kwementyaye kwa Waarrernte, na huitwa hivyo hata aliye hai mwenye jina kama la marehemu. Familia ndiyo huamua ni lini jina litarudi.

Utajua umefanikiwa utakapoulizwa wewe maswali.

## Hatua ya 6: Pateni picha ya nguvu na ya mizigo

Mkishazoeana, na mwenza wako akikubali, mnaweza kutumia chombo cha kupima. Usianze na dodoso la hospitali lililotafsiriwa. Lipo dodoso la dalili za sonona lililorekebishwa pamoja na Waaborijini wa Australia ya kati, liitwalo aPHQ-9, na ubora wake ulithibitishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Kwa mama wajawazito na waliojifungua wa Kimberley kuna Kimberley Mum's Mood Scale.

Mimi napendelea kuanza na mpango wa Stay Strong, uliotengenezwa katika taasisi ya utafiti wa afya ya Menzies mjini Darwin, kwa sababu hauanzi na ugonjwa. Hufuata mambo manne kwa zamu: watu wanaomtia mtu nguvu, mambo yanayompa nguvu, yanayompunguzia nguvu, na anachotaka kubadilisha. Mti wenye majani ndio picha yake, nayo inapatikana kwa karatasi na kwa programu ya simu.

Karatasi si lazima. Wanawake wa Australia ya kati wana desturi ya zamani ya kusimulia huku wakichora mchangani, ambamo alama yenye umbo la herufi U ni mtu aliyeketi, kwa kuwa ndiyo alama anayoiacha ardhini. Mwanamke anaweza kuchora U kadhaa kuzunguka moto, akafuta moja kwa kiganja, na kwa ishara hiyo akawa ameeleza msiba ambao hangeusema kwa maneno. Usipige picha mchoro huo. Muulize mwenza wako kama kuna lolote la kuandikwa, na mwandike mkiwa naye.

Tahadhari: Mpango usiwe na malengo zaidi ya moja au mawili. Orodha ndefu ya malengo ni ya kumfurahisha msimamizi wako.

## Hatua ya 7: Ondoeni mizigo inayoshikika

Huwezi kumfundisha mtu kupumua taratibu katika nyumba isiyo na umeme. Makazi mengi ya Northern Territory hutumia mita za kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania au tokeni za Kenya, na salio likiisha wakati joto limepita nyuzi 40, chakula huharibika, dawa za kisukari huharibika, watoto hawalali, na ugomvi huanza. Wiki za mwanzo za msaada wa kihisia mara nyingi ni simu za kufuatilia umeme, choo kilichoziba, malipo ya serikali yaliyosimamishwa, na barua ya mahakama ambayo hakuna aliyeielewa. Fanya kazi hiyo kwa bidii na bila kuona kwamba imekushusha hadhi.

Mzigo mzito kuliko yote huwa ni umbali kutoka nchi ya mababu. Wagonjwa wa figo wa Kipintupi, watu wa jangwa la magharibi, walilazimika kuhamia Alice Springs kwa ajili ya kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, mbali na familia zao, na huzuni hiyo ikawamaliza hata kabla ya ugonjwa. Wachoraji wa Kintore na Kiwirrkurra, makazi yao ya jangwani, wakachora picha kubwa, zikapigwa mnada Sydney mwaka 2000 na kuingiza zaidi ya dola milioni moja, na kwa fedha hizo wakaanzisha huduma inayojulikana leo kama Purple House, iliyopeleka mashine Kintore kwenyewe, zaidi ya kilomita 500 kutoka Alice Springs. Sijui mfano ulio bora zaidi wa tiba ya moyo iliyofanywa na wenye moyo wenyewe. Kwa hiyo mgonjwa wako akisema anataka kurudi nyumbani, usiliandike kuwa ni kukataa matibabu. Uliza kliniki ya figo ni lini kutakuwa na nafasi huko kwao, au lini gari la kwenda na kurudi litapatikana.

## Hatua ya 8: Heshimu waganga na imani

Kwa Waanangu wa jangwa la magharibi, yaani Wapitjantjatjara na jirani zao, waganga waitwao ngangkari hutibu roho iliyohama, hofu na huzuni, na shirika la wanawake la NPY Women's Council, lililoundwa mwaka 1980, limewaajiri kufanya kazi pamoja na zahanati na hospitali. Mtu akiomba ngangkari, ombi hilo lishughulikiwe upesi kama rufaa nyingine yoyote, na dawa za hospitali ziendelee.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wengi wetu tumelelewa katika makanisa na misikiti ambako mambo haya huitwa ushirikina. Usimwombee mtu asiyekuomba, usimwambie ana pepo, na usitoke nje kwa kuonyesha kinyaa moshi wa majani unapopitishwa ndani ya nyumba. Pia usidhani kwamba Wakristo hawapo: misheni ya Kilutheri ya Hermannsburg, yaani Ntaria, ilianza mwaka 1877, na kwaya za Waarrernte na Wapitjantjatjara huimba tenzi katika lugha zao hadi leo. Mtu mmoja anaweza kushika yote mawili, na si kazi yako kumtaka achague.

## Hatua ya 9: Simama na watu wakati wa msiba

Misiba ni mingi, na mara nyingine mmoja haujaisha mwingine unaanza. Kwa hili Mswahili ana hazina: anajua kwenda matangani, kukaa chini, kusema machache na kusaidia jikoni. Fanya hivyo hivyo, ukimfuata mwenza wako katika kila jambo, tangu namna ya kuwapa mkono wafiwa hadi mahali pa kukaa. Mazishi yanaweza kuja wiki kadhaa baada ya kifo. Familia huweza kuihama nyumba ya marehemu mpaka ifukizwe moshi. Ondoa picha za marehemu ukutani na katika vipeperushi vya ofisi mpaka familia iruhusu.

Msaada unaotakiwa ni wa vitendo: usafiri, maturubai, maji, kuni, na barua kwa mwajiri au mahakama kueleza kwa nini mtu hakufika.

## Hatua isiyongoja zamu: hatari ya kujiua

Kiwango cha kujiua kwa Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait ni zaidi ya mara mbili ya kile cha Waaustralia wengine, na kifo kimoja huweza kuvuta kingine katika familia hiyo hiyo. Katika jambo hili pekee, ile kanuni ya kutokuuliza moja kwa moja inavunjwa. Ukiona kijana amejitenga baada ya mazishi au ugomvi wa mapenzi, anagawa vitu vyake au anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, uliza kwa maneno ya wazi, wewe au mwenza wako: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo.

Akikubali, asiachwe peke yake hata kwa dakika moja. Ondoeni kamba, silaha na dawa zilizo karibu. Iteni zahanati au 000, na wakati mnangoja pigeni 13 92 76 pamoja naye. Mwulize mwenza wako ni ndugu yupi anayefaa kuketi naye usiku kucha, kwa maana si kila ndugu anaruhusiwa au anafaa. Kesho yake rudi, na kesho kutwa pia.

Siri haina nguvu hapa, wala haina nguvu mtoto anapodhurika. Northern Territory, kila mtu mzima aliye na sababu ya msingi ya kuamini kwamba mtoto anadhurika analazimika kisheria kutoa taarifa. Waeleze watu jambo hilo mapema, katika maongezi ya kwanza kabisa, ili pasiwe na anayeona umemsaliti.

## Hatua ya 10: Kupima, kutunza kumbukumbu na kukabidhi

Idadi ya waliohudhuria ni kipimo dhaifu. Kaa na wazee na mwenza wako mara kwa mara muulizane: ni nani amerudi katika nchi yake, watoto wangapi wanakwenda na bibi zao kuwinda mijusi, ugomvi umepungua katika nyumba zipi, nani anaongoza sasa jambo ambalo mwanzo ulikuwa ukiliongoza wewe. Ripoti yoyote isomwe nao kwa sauti kabla ya kwenda kwa mfadhili, na wakisema jambo fulani litolewe, litolewe. Hadithi zao, michoro yao na takwimu zao ni mali yao.

Wafanyakazi wageni huja na kuondoka, na kila anayeondoka kimya huwafanya watu wasite kumfungulia moyo atakayefuata. Ukijua tarehe ya kuondoka, waambie mapema, wewe mwenyewe, familia moja baada ya nyingine. Mwenza wako abaki na ratiba, orodha ya simu, bajeti ya wazee iliyosalia na mamlaka ya kuitumia, na atakayeshika nafasi yako aletwe wakati ungali upo, ili mwenza wako amtambulishe kwa wazee.